Uliza mchezo kabla ya Windows: kwa wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta hapa Lubumbashi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Windows 10 ilifikia mwisho wa muda wake wa kuhudumiwa na Microsoft, haipiti wiki bila kijana kuingia katika kibanda changu, komini ya Kenya, akiwa na kasha la kompyuta begani na ubishi wa wenzake kichwani. Mmoja ameambiwa kwamba asipohamia Windows 11 mashine yake itakuwa chuma chakavu. Mwingine ameapa kuzikwa na Windows 10. Wa tatu amesikia kwamba Linux, mfumo endeshi wa bure, sasa inaendesha michezo yote na kwamba wanaolipia Windows ni wajinga. Ninyi mnaoanza kazi hii mtaitwa kuamua ubishi huo kila siku, na mtaona kwamba anayewauliza mara nyingi amekwisha kuamua, anachotaka ni shahidi tu. Msikubali kuwa mashahidi. Ulizeni kwanza anacheza nini, kwa sababu katika miaka 12 ya kazi hii nimeona kwamba mchezo ndio unaochagua mfumo endeshi na vifaa, wala si kinyume chake.

Nitoe mfano wa mashine ambayo mtaishika hadi muichoke: Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa Core i7-4790, iliyotumika kwanza katika ofisi fulani ng'ambo, kisha ikaletwa kuuzwa hapa. Nilipokea tatu za aina hiyo katika mwezi mmoja. Mwenye ya kwanza alikuwa akicheza PES 2013 na kaka zake, bila intaneti kabisa. Nilimsafishia mashine, nikamwachia Windows 10 yake, nikamwambia arudi nyumbani. Wa pili alicheza Counter-Strike 2 na GTA V, hadithi yake tu bila kuingia mtandaoni, na kwake yeye Linux ilikuwa njia ya kweli, si ndoto. Wa tatu alitaka Battlefield 6. Mchezo huo unadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama mashine inapowaka) viwe vimewashwa, na kadi ya michoro isiyopungua RTX 2060, wakati OptiPlex hiyo ina TPM 1.2 na prosesa ya mwaka 2014. Huyo nilimwambia bila kuzunguka kwamba fedha aliyoiweka kando kwa ajili ya matengenezo aianzishe kama akiba ya mashine nyingine. Hakufurahi. Lakini mashine zile zilikuwa za aina moja, na majibu matatu yote yalikuwa sahihi.

Sasa tuzungumzie Windows 11 yenyewe, maana hapa ndipo mafundi wapya wanapodanganyika na kuwadanganya watu bila kukusudia. Masharti yake yanajulikana: kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, UEFI (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine kabla ya Windows, ambayo wengi wetu bado huiita BIOS) yenye uwezo wa Secure Boot, TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanza takriban kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, na kwa AMD huanza na Ryzen za mfululizo wa 2000. Mteja akikuletea mashine inayosema haifai, usimwamini mara moja, wala usiiamini mashine. Mara nyingi sana TPM ipo ndani ya prosesa lakini imezimwa katika BIOS, ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Andika tpm.msc katika Windows uone hali yake, kisha ingia BIOS uiwashe. Kama Secure Boot inakataa kuwaka, tazama ikiwa diski imepangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani. Windows 10 ina programu iitwayo mbr2gpt ambayo huibadilisha kuwa GPT, mpangilio mpya, bila kufuta mafaili, ingawa mimi hunakili mafaili ya mteja kwanza, kila mara, hata akiniambia hayana maana. Baadaye huwa na maana.

Lakini kabla hujagusa BIOS kuna jambo ambalo mimi nilijifunza kwa aibu. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliniletea mashine yenye ubao mama wa B450 na Ryzen 5 2600, pamoja na Ryzen 5 5600 aliyonunua kwa mkopo wa mjomba wake. Kazi ilikuwa nyepesi: kusasisha BIOS ili ubao uikubali prosesa mpya, kubadilisha prosesa, kupaka mafuta mapya ya kupitisha joto, basi. Nilipowasha, skrini nyeusi ilitokea na maandishi marefu ya Kiingereza yaliyoniuliza nibonyeze Y au N. Nilikuwa na haraka, na jioni ile Mazembe ilikuwa inacheza, nikabonyeza Y. Maandishi yale yalikuwa yakinionya kwamba prosesa mpya imeonekana, kwamba Y ingefuta kumbukumbu za fTPM, na kwamba ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ile programu ya Windows ya kufunga diski kwa siri, mashine isingewaka bila ufunguo wa kurejesha. Kama ningebonyeza N ningeweza kuirudisha prosesa ya zamani, nikaifungua diski kwa utulivu, kisha nikaendelea. Na diski ilikuwa imefungwa, bila mwenyewe kujua, kwa kuwa Windows 11 katika toleo la 24H2 hufunga diski yenyewe pale inapowekwa upya na mtumiaji akaingia kwa akaunti ya Microsoft.

Ufunguo ule una tarakimu 48 na huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika. Akaunti ilikuwa ya binamu yake aliyeko Likasi, ambaye ndiye aliyemwekea Windows, na nenosiri alikuwa amelisahau, na namba ya simu iliyounganishwa nayo haikuwa yake tena. Ndani ya diski kulikuwa na kazi ya mwisho wa masomo ya kijana yule. Tulihangaika siku tisa kabla binamu hajakumbuka anwani ya pili ya barua pepe, na katika siku hizo tisa mama yake kijana alikuja kibandani mara mbili, akaketi kimya, akaniangalia. Tangu hapo sigusi BIOS, TPM wala prosesa kabla ya kuona ufunguo wa kurejesha umeandikwa kwenye karatasi mikononi mwa mwenye mashine, au kabla ya kusimamisha BitLocker kwa muda. Karatasi, wadogo zangu, si picha katika simu ambayo kesho itaibwa.

Kuhusu kusasisha BIOS kwenyewe, nitasema moja tu: usithubutu bila betri ya akiba, ile tunayoiita onduleri, iliyojaa na kujaribiwa siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mama mwingi hufa, na mji wetu mnaujua. Mimi hufanya kazi hiyo asubuhi mapema, wakati volti hazijaanza kuyumba.

Mtaombwa pia kuweka Windows 11 kwa nguvu katika mashine zisizokubaliwa, kwa kutengeneza flashi inayoruka ukaguzi. Inawezekana, na nimeifanya. Ila mjue mnachokifanya: mashine za namna hiyo hazipewi toleo jipya la kila mwaka kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mteja atarudi kwenu kila mara, au atajaribu mwenyewe. Mteja wangu mmoja mwenye prosesa ya zamani ya Core 2 Quad, ambaye nilimwekea toleo la mapema la Windows 11 likafanya kazi bila shida, alipata flashi ya 24H2 kwa rafiki yake, akaiweka, na mashine haikuwaka tena. Toleo hilo linahitaji maagizo ya prosesa yaitwayo SSE4.2 na POPCNT, ambayo Core 2 haina, na hakuna ujanja wa flashi unaoweza kuyaongeza ndani ya silikoni. Aliniletea akidhani nimemuuzia kitu kibovu, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki, kwa sababu sikumwonya.

Kuna lawama nyingine ambazo Windows 11 hubebeshwa bure. Agosti ni mwezi wangu wa mapato, na sababu yake ni vumbi. Katika kiangazi, kwenye barabara zisizo na lami za Ruashi na Katuba, ule udongo mwekundu huingia katika feni na kujisokota kama pamba katikati ya mapezi ya kipoza joto. Kijana huniambia, «Yaya, tangu niweke 11 mchezo unakatakata.» Ninafungua programu ya kusoma joto, tunacheza dakika kumi, prosesa inakaribia nyuzi 100, kisha inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ninafungua kasha, ninashika feni kwa kidole isizunguke, ninapuliza na kupiga brashi, ninabadilisha mafuta ya joto, na Windows 11 iliyotukanwa inaanza kusifiwa. Msibadilishe mfumo endeshi wa mtu kabla ya kupima joto. Halafu tazameni diski: kama Windows bado imewekwa katika diski ngumu inayozunguka, hakuna mjadala wa mfumo endeshi unaostahili kuanza. SSD ya SATA, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, husoma takriban MB 500 kwa sekunde dhidi ya 100 na kitu za diski ngumu, na tofauti kubwa zaidi iko katika kuokota mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, kazi ambayo ndiyo hufanya mashine ionekane imezeeka. Haitaongeza fremu nyingi kwa sekunde, na msimwahidi mteja hivyo, lakini itaondoa kusubiri na sehemu kubwa ya kukwama.

Kadi ya michoro ndiyo inayokula fedha nyingi na kuleta majuto mengi. Kwa zile kompyuta za ofisini, chunguzeni kwanza kisambaza umeme, kwa sababu nyingi hazina waya wa ziada wa kadi, na viunganishi vyake ni vya kampuni yenyewe, si vya kawaida, hivyo huwezi kuchukua kisambaza umeme chochote dukani ukakichomeka. Ndiyo maana mjini mnaona GTX 1050 Ti na GTX 1650 zikitafutwa sana: zote mbili hutumia wati 75, ambazo nafasi ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mama, inaweza kutoa peke yake, ingawa baadhi ya matoleo ya 1650 yanadai waya, kwa hiyo tazameni kadi yenyewe kabla ya kulipa. Kama bei zimekaribiana, chukueni 1650. Nvidia ilitangaza kwamba kadi za kizazi cha Pascal, ambamo 1050 Ti na GTX 1060 zimo, zingepata viendeshi (driver) vya michezo mipya hadi Oktoba 2025 tu, kisha masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi haifi siku hiyo. Michezo ya zamani itaendelea kama jana. Ila kwa mtu anayenunua leo ili acheze michezo ya mwaka ujao, ni kununua mbuzi mzee kwa bei ya mbuzi wa kuzaa.

Linux ninaipenda, na mashine yangu ya nyumbani inaiendesha, kwa hiyo mnisikilize kama mtu asiye adui yake. Tangu Valve ilipotoa Proton, programu ya kuendesha michezo ya Windows ndani ya Linux, mwaka 2018, michezo mingi ya Windows ya mchezaji mmoja huchezeka vizuri ndani ya Steam, duka la michezo la Valve. Kinachozuia ni programu za kuzuia udanganyifu katika michezo ya mtandaoni: Valorant, Fortnite na League of Legends hazichezeki humo, na EA Sports FC, ambayo vijana wetu ndiyo hasa wanayoitaka, nayo inakataa. Mteja akitaja mojawapo ya hizo, funga mjadala wa Linux palepale, hata kama mashine yake ni ya zamani na ingeifaa.

Wanaobaki ni wale wenye Windows 10 ambao mashine zao haziwezi kupanda na ambao hucheza mtandaoni, hulipia vitu, huweka nywila za watu wa nyumba nzima humo. Hao msiwaache hivi hivi. Microsoft ilifungua masasisho ya usalama ya nyongeza hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au kwa pointi 1000 za Microsoft Rewards, au kwa kuhifadhi mipangilio katika akaunti yao. Leseni moja inatosha mashine 10, jambo linalowafaa sana wenye mashine kadhaa nyumbani. Muunganisho wa simu uwekeni kuwa wenye kipimo, ili masasisho yasimalize megabaiti za mteja usiku, kisha mwambieni aje kibandani mara moja kwa mwezi apakue kwenu. Mimi nina daftari la hao: jina, prosesa, kadi, mchezo anaoucheza, na mahali ufunguo wake wa kurejesha ulipo. Ukurasa wa mbele nimeandika tarehe ile ya 13 Oktoba 2026 kwa wino mwekundu, na mwanafunzi wangu amekwisha kuanza kuwapigia simu mmoja mmoja.