Maswali ya Wasomaji: "Ndiye" na "Ndicho" katika Kiingereza

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Katika insha yangu ya Kiingereza niliandika "They were the children who broke the window", nikikusudia kusema kwamba watoto ndio waliovunja dirisha. Aliyesahihisha amelizungushia duara neno "They" na kuandika juu yake "It", bila maelezo yoyote. Watoto ni wengi, na tena ni watu. Hiyo "it" inatoka wapi?

JIBU: Marahaba. Aliyekusahihisha hakukosea, ila amekunyima maelezo. Sentensi uliyoiandika inakubalika katika Kiingereza, lakini inasema jambo jingine: inamjibu mtu aliyeuliza "Wale walikuwa akina nani?", naye anaambiwa kwamba wale walikuwa watoto wenyewe waliovunja dirisha. Wewe hukuwa unawatambulisha watoto kwa mgeni. Ulitaka kusema kwamba kilichovunja dirisha si upepo wala si mpira, bali ni watoto, na kwa maana hiyo Kiingereza husema "It was the children who broke the window".

Anza na sentensi ya kawaida: "The children broke the window". Hicho ni kishazi kimoja. Mzungumzaji anapotaka kuwatilia mkazo watoto, hukipasua vipande viwili. Kipande cha kwanza hubeba "it was" pamoja na kile kinachosisitizwa, na cha pili huanza na kirejeshi, "who" au "that", kikabeba yote yaliyosalia. Mpasuko huo ndio ulioipa sentensi ya namna hii jina lake la Kiingereza, "cleft sentence", yaani sentensi iliyopasuliwa, jina ambalo mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alilitumia katika kitabu chake cha 1937.

Sasa tuje kwenye "it". Neno hilo hapa halimrejelei mtu wala kitu; limeshika tu nafasi ya kiima, kwa kuwa Kiingereza hakiruhusu sentensi ya maelezo kuanza na kitenzi kitupu kama sisi tunavyoanza na "ni". Kinachokuponza ni ngeli. Kiswahili kimekuzoesha kusema mtoto ndiye, watoto ndio, kitabu ndicho, dirisha ndilo, na ulipoandika "they" ulikuwa unatafuta upatanisho huohuo. Kiingereza hakina upatanisho huo mwanzoni mwa sentensi: awe mtoto mmoja au wawe mia, ni "it was" tu. Upatanisho umehamia kwenye kipande cha pili, kwenye kitenzi kinachofuata kirejeshi. Tutasema "It was the child who was crying", na wakiwa wengi "It was the children who were crying". "Was" ya kwanza haikutikisika. Ya pili imegeuka "were".

Sentensi moja inaweza kupasuliwa mahali tofauti, na kila mpasuko huondoa shaka yake. Chukua "Fleming discovered penicillin in 1928". Anayedhani mgunduzi alikuwa mtu mwingine ataambiwa "It was Fleming who discovered penicillin in 1928". Anayejua kwamba Fleming aligundua kitu mwaka huo, lakini anataja dawa nyingine, ataambiwa "It was penicillin that Fleming discovered in 1928". Aliyekosea mwaka ataambiwa "It was in 1928 that Fleming discovered penicillin". Habari ni ileile mara zote tatu, ila kosa linalosahihishwa ni tofauti.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Kipande cha pili hakitoi habari; huichukulia habari kuwa inajulikana tayari. Anayesema "It was not the children who broke the window" amekwisha kukubali kwamba dirisha limevunjwa na kwamba aliyelivunja yupo. Ni ujanja uleule wa anayekuuliza "Ni nani aliyekutuma uibe?" kabla hujakiri kuiba. Kwa hiyo ukifungua insha na watoto na dirisha kwa muundo huu, msomaji ambaye hajasikia habari za dirisha lolote atajiona ameingia katikati ya mazungumzo ya watu. Huwa afadhali kidogo pale kinachosisitizwa kinapokuwa wakati au mahali: "It was in 1969 that human beings first walked on the Moon" ni mwanzo unaokubalika vizuri, hata kwa asiyejua habari hiyo.

Angalia pia alama ya mkato. Usiiweke kabla ya "who" au "that" katika sentensi hizi, kwa sababu ukiiweka maneno yanayofuata hugeuka maelezo ya ziada na mkazo wote hupotea.

SWALI: Nawasikia Waingereza wakisema "What he did was break the window". Je, hiyo ni sentensi iliyopangwa, au mtu anajivutia muda wa kufikiri?

JIBU: Imepangwa, ingawa siwezi kukataa kwamba wapo wanaoitumia kujivutia muda. Huu ni mpasuko wa aina ya pili, na Kiswahili kinao wake unaofanana nao: "Alichofanya ni kuvunja dirisha". Tofauti na ule wa "it", hapa linalojulikana hutangulia na jipya huja mwishoni. Msikilizaji huwekwa katika hali ya kungoja: "What I need is...", nacho kinachohitajika hakijatajwa bado. Ukitaka kusema "Ninachohitaji ni mapumziko tu", utasema "All I need is a rest", ambapo "all" huja na ule upungufu unaobebwa na "tu" katika Kiswahili.

Faida yake kubwa iko kwenye kitenzi. Muundo wa "it" hupokea vizuri majina, nyakati, mahali na sababu, lakini kitenzi unakikataa. Huwezi kusema "It was break the window that he did". Sikio la Mwingereza litalia. Ukitaka kusisitiza tendo lenyewe, njia iliyonyooka ni hiyo ya "what", ambapo baada ya "was" kitenzi hubaki katika umbo lake la msingi, "break", au hutanguliwa na "to". Usikiweke katika wakati uliopita, kwani "did" na "was" zimekwisha kuubeba.

SWALI: Basi kila ninapokuta "ndi-" katika Kiswahili, niandike "it is"?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na nakuomba usijaribu. Sisi hutumia "ndi-" mara nyingi kuliko Mwingereza anavyotumia mpasuko wake, kwa sababu yeye anapozungumza ana njia nyingine iliyo rahisi zaidi: hupaza sauti juu ya neno analolitaka, akaiacha sentensi jinsi ilivyo. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunapotaka kulikuza neno moja katika sentensi, aghalabu tunabadili muundo badala ya kutegemea sauti peke yake. Kwa hiyo "Mimi ndiye mwalimu" kwa Kiingereza cha mdomo ni "I'm the teacher", na sauti ikapanda kwenye "I".

Zipo pia "ndi-" zilizoganda katika misemo yake. "Ndiyo maana nimechelewa" ni "That is why I am late". "Hapa ndipo ninapoishi" ni "This is where I live". "Ndipo akaondoka" haina mpasuko wowote. Ni "Then she left" tu. "Jana ndipo nilipofika" inaweza kuwa "It was yesterday that I arrived" ikiwa unabishana na anayesema ulifika juzi. Lakini ikiwa unajitetea kwamba hujapata nafasi ya kumtembelea mtu, Mwingereza atasema "I only arrived yesterday".

Kinyume chake, upo mpasuko mmoja wa Kiingereza ambao wanafunzi wengi huukimbia, nao unalingana vizuri na "ndipo" yetu. Sentensi "It was not until midnight that the rain stopped" ukiitafsiri neno kwa neno utachanganyikiwa, kwa kuwa "not" inakufanya udhani mvua haikukatika. Ilikatika. Mswahili angesema: "Hadi usiku wa manane ndipo mvua ilipokatika."