Niulize Nasoma Nini, Hata Kama Sijamaliza

Kwenye kaunta ya duka langu la dawa, pembeni ya kikokotoo na daftari la mauzo, huwa kuna kitabu. Duka liko Ngamiani, Tanga. Kuanzia saa nane mchana jua likishika barabara wateja hupungua, na nilishachoka kuutumia muda ule kutelezesha kidole kwenye simu. Ndiyo sababu nikaanza kuja na kitabu kazini. Sikujua kwamba watu wangeanza kukiulizia.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja anayechukua kwangu dawa za presha. Nilikuwa nasoma *Peponi*. Tukaamkiana, akakitazama, akauliza, "Hicho kinasemaje?" Nikamjibu kama niko darasani. Nikamwambia mwandishi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kwamba kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza na Ida Hadjivayanis ndiye aliyekitafsiri. Mzee akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Mwanangu, sikukuuliza ni cha nani. Nimekuuliza kinasemaje, hapo ulipofika."

Hapo nilipofika palikuwa pagumu. Kuna mtoto wa miaka 12, Yusuf, anapandishwa treni aondoke na tajiri mmoja ambaye yeye anamdhania ni jamaa yao. Hajui kwamba baba yake ana deni asiloweza kulilipa na kwamba yeye ndiye amewekwa rehani. Nilikuwa nimekwama hapo siku nne. Kila nikifungua kitabu namwona mwanangu mwenyewe, naye ana umri huohuo. Nikamweleza mzee hivyo hivyo. Akavuta benchi, akakaa, akaanza kunisimulia habari za kuwekana rehani alizozisikia kwa bibi yake, jinsi njaa na deni vilivyoweza kumtoa mtoto nyumbani. Dawa zake alizisahau kaunta, ikabidi nimkimbilie nje.

Wiki iliyofuata alirudi, hakuja kwa dawa. "Yule mtoto amefika wapi?" Nikaona aibu kumwambia bado yuko kwenye treni. Usiku ule nikasoma kurasa thelathini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifundisha ninachotaka kukushauri. Ukitaka kuzungumza vitabu na watu, waulize wanasoma nini sasa hivi, kisha waulize wamefika wapi. Acha kuuliza mtu amesoma vitabu gani. Swali hilo lina harufu ya mtihani. Aliyesoma vitabu viwili maishani atanyamaza, aliyesoma vingi atajisifu, na wengine watadanganya. Mimi nimedanganya. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema nimesoma vitabu ambavyo niliishia ukurasa wa kumi, kwa kuogopa kuonekana mjinga mbele ya wenzangu tuliosoma nao. Lakini kitabu ambacho mtu yuko katikati yake hakina jibu la kukariri. Hajui mwisho. Ana shaka zake, amemchukia mtu fulani ambaye pengine kesho atampenda, na anaweza kusema "hapa sijaelewa" bila kuona haya, kwani mwandishi mwenyewe bado hajamaliza kumwambia.

Kutoka benchi lile la duka tumefika kwenye baraza ya nyumbani kwangu, kila Jumamosi baada ya alasiri, kahawa na kashata vikiwepo. Tuko sita au saba: mzee wangu, mama mmoja anayeuza vitumbua pamoja na binti yake, nesi, kijana wa bodaboda, na mwalimu mstaafu. Kila mtu anakuja na anachosoma, kiwe kitabu, jarida, hata kijitabu cha ufugaji wa kuku. Anatueleza amefika wapi, kinachomsumbua au kinachomfurahisha, na anatusomea aya moja kwa sauti. Aya moja tu. Mwanzoni hatukuweka mpaka, mwalimu akatusomea sura nzima mpaka kahawa ikapoa na mama wa vitumbua akasinzia. Aya moja humlazimu mtu achague, na ukisikia alichochagua unamfahamu mtu huyo kuliko ukimsikiliza saa nzima.

Ugomvi wetu mkubwa ulitokea mapema. Kijana wa bodaboda alikuja na *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, kile cha mwaka 1974 chenye mpelelezi Willy Gamba. Kitabu kimechakaa, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Anakisoma kijiweni akisubiri abiria. Mwalimu akacheka, akamwambia hivyo ni vitabu vya kupotezea muda, asome fasihi. Kijana hakujibu. Jumamosi mbili hakuonekana. Nikamfuata kijiweni kumwomba radhi kwa niaba ya baraza. Akaniambia neno ambalo bado linaniuma: "Dada, mimi nilidhani na mimi nasoma."

Kwa hiyo hili nalisema kwa ukali kidogo, nisamehewe. Usimcheke mtu kwa anachosoma. Usitabasamu vile, usiseme "aa, hicho." Mtu akikuonyesha kitabu alichonacho mkononi amekufungulia mlango wa ndani. Vitabu vya upelelezi ndivyo vilivyowafanya maelfu ya watu wa nchi hii wapende kusoma, vikapita mkono kwa mkono kwenye mabasi, kambini na mabwenini mpaka kurasa zikakatika. Mimi mwenyewe nilianza na hivyo, chini ya shuka, kwa tochi. Mwalimu, kwa heshima yake, alimwomba kijana radhi mbele ya watu wote, jambo ambalo si jepesi kwa mtu wa umri wake. Kisha akamwazima *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, akimwambia amsome Bwana Msa, mpelelezi wa Kizanzibari mwenye kiko chake, aone baba wa akina Willy Gamba.

Kitabu kile kilitupa raha ambayo sikuitegemea. Kijana alikuwa akija kila Jumamosi anatueleza amefika wapi, watu gani wanashukiwa, na ushahidi uliopatikana. Sisi ambao hatujakisoma tukaanza kukisia muuaji. Tukaandika majina kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya kopo la maziwa, na mwalimu, anayeujua mwisho, akakabidhiwa kopo alilinde. Wiki tatu watu wazima tulikuwa tukibishana kuhusu kifo cha mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kama una marafiki wanaosema hawapendi kusoma, waanzishie kitabu cha upelelezi na kopo.

Kuna wasioweza kusoma, au wanaosoma kwa shida, na hawa ndio tunaowasahau kabisa tunapoongea vitabu. Mama wa vitumbua aliishia darasa la pili. Mwanzoni alikuwa akija kumsindikiza binti tu. Binti akaanza kumsomea alfajiri, mama akikaanga, yeye kakaa kwenye kigoda na tochi ya simu. Walichagua *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi. Kilipotoka mwaka 1971 kiliwatia watu hofu, kikapigwa marufuku shuleni, na miaka ya baadaye kikarudi humohumo shuleni kikawa cha kutahiniwa. Walifika mahali ambapo Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana. Mama akaepua karai motoni. Akamwambia binti, "Rudia hapo." Aliporudiwa akaanza kumhadithia mwanawe mambo ya baba yake mwenyewe, ambayo binti hakuwahi kuyasikia katika miaka yake kumi na tisa.

Sisi barazani tuliambiwa hayo kwa ufupi tu, na hatukuchimba. Nakushauri nawe usichimbe. Watu wakieleza kilichowagusa kwenye kitabu, mara nyingi wanaeleza maisha yao kwa mzunguko, na ule mzunguko wameuchagua kwa makusudi. Uliza habari za Rosa. Akitaka kuvuka kutoka kwa Rosa kuja kwake, atavuka mwenyewe.

Swali ninaloulizwa sana ni vitabu tunavipata wapi, maana bei inaumiza. Tunacheza mchezo, ule wa kuchangiana na kupokezana kwa zamu. Watu watano, kila mmoja elfu tatu kwa mwezi, zinakuwa elfu kumi na tano, na anayepokea mwezi huo hachukui pesa, anachagua kitabu. Anakisoma yeye kwanza, halafu kinazunguka kwa wenzake, kisha kinarudi kwake kikae. Kikizidi bei, tunasubiri mwezi wa pili. Tunayo pia maktaba ya mkoa, ambayo wengi wanaipita kila siku wakidhani ni ya wanafunzi wa mitihani. Ingia uulize utaratibu wa uanachama.

Kuazimana kuna adabu yake, na wengi tumegombana kwa ajili hiyo. Tunalo daftari, tunaandika jina la kitabu, aliyechukua, na tarehe. Hata mama yangu mzazi huandikwa. Niliwahi kumpa rafiki kitabu nilichopewa na marehemu baba, chenye mwandiko wake ndani, bila kuandika popote kwa sababu nilimwamini. Hakuwa mwizi. Alihama, vitu vikapangwa na watu wengine, kitabu kikapotea, na yeye mwenyewe aliumia kuliko mimi. Daftari lingemkumbusha. Na kitabu chenye mwandiko wa mtu wako usikiazime kamwe. Mwalike mtu aje akisomee kwako.

Kuhusu PDF zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, mimi sizipokei. Najua sababu ya wanaozituma, hali ni ngumu. Lakini mwandishi wa Kiswahili soko lake ni dogo na mchapishaji anahesabu nakala kwa mamia. Nakala chache tunazonunua kwa mwaka, kwake ni kitu.

Usimlazimishe mtu kumaliza. Hili lilinichukua muda kulikubali. Nesi alianza *Nagona*, pia cha Kezilahabi, riwaya fupi lakini yenye maono na mafumbo, si ya kusomwa mtu akitoka zamu ya usiku. Alikibeba miezi miwili. Kila Jumamosi alikuwa akisema palepale alipokwama wiki iliyopita, na tulimwona akianza kutafuta visingizio vya kutokuja. Mzee akamwambia, "Kiweke, mwanangu. Kitabu hakiozi." Akakiweka, akachukua kingine, akarudi na uso wake. Sasa tunasema wazi barazani: anayesoma, aliyekwama, na aliyeweka, wote wana zamu ya kuongea. Aliyekiweka mara nyingine ndiye mwenye maneno ya maana, maana ameshajua ni wapi palipomshinda.

Nimeacha la mwisho wa kitabu nilieleze kwa kirefu.

Mzee wangu wa presha alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata mzee naye akaenda, jioni, baada ya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ukuli hapa bandarini. Enzi zile meli kubwa hazikufunga gatini Tanga, zilitia nanga nje, na mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuvutwa mpaka ufukoni. Alivisoma vile vijitabu vya kilimo bora na afya, baadaye magazeti. Riwaya hakuwahi kuigusa. Alikuwa akisema riwaya ni za waliosoma.

Nikamtafutia *Kuli* cha Adam Shafi. Ni kitabu cha mwaka 1979, kinachohusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao mkubwa wa mwaka 1948, na katikati yake yuko kijana Rashidi. Anasoma kurasa mbili kwa siku, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Jumamosi ya kwanza alitusomea aya ya kazi ya kupakua mzigo, kisha akafunga kitabu akatuonyesha kwa mikono yake namna gunia linavyopokelewa begani lisikuvunje shingo. Hakuna mhadhiri wa fasihi angeweza kutupa uhakiki ule.

Sasa, Jumamosi moja alipita kijana mgeni, mpwa wa jirani. Akaona kitabu mkononi mwa mzee, akasema kwa furaha, bila ubaya wowote, "Ah, hiki nimekisoma! Babu, huyu Rashidi mwisho wake..." Mwalimu mstaafu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kofi kwenye meza mpaka vikombe vikaruka. "Nyamaza!" Kijana akabaki mdomo wazi. Ilibidi nimchukue pembeni nimweleze. Ukishakisoma kitabu ambacho mwenzako yuko katikati yake, una mali yake mkononi. Unaweza kumuuliza unadhani itakuwaje, unaweza kumtia moyo, unaweza kusema "endelea, utaona". Kinachobaki kitunze. Mtu anayesoma kurasa mbili kwa siku amelipia mwisho ule kwa jasho kuliko wewe uliyemaliza kwa siku tatu.

Kijana alielewa. Jumamosi iliyofuata alikuja na kitabu chake.

Juzi mzee alipita dukani kuchukua dawa. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema amebakiza kurasa chache, na amepunguza mwendo, siku hizi anasoma ukurasa mmoja tu badala ya miwili. Nikamuuliza kwa nini. Akakichomoa kitabu kwenye mfuko wake, akanionyesha unene uliobaki kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Sitaki kuachana nao upesi," akasema.