Tafuta Mahali Babu Yako Alipodaiwa

Nairobi nzima hupatana Archives. "Ningoje Archives," tunaambiana kwenye simu, na maana yake ni pale nje ya Kumbukumbu za Taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa Bank of India, karibu na sanamu ya Tom Mboya, mahali ambapo mtu husimama nusu saa akimngoja mwenzake huku mkono mmoja umeshika mfuko. Nimepatana na watu pale tangu nikiwa mwanafunzi. Siku ya kwanza kuingia ndani nilikuwa na miaka 38, na sikuingizwa na mapenzi ya historia. Niliingizwa na ugomvi wa nyumba.

Nyumba yenyewe iko Majengo, Pumwani. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, bati lenye viraka juu ya viraka. Upande wetu tulijua ni ya babu yake baba, Hamisi. Jina lake la pili naliacha kwa sababu wajukuu na vitukuu wake bado tunasalimiana kwa shida. Alikuwa na wake wawili. Bi Mkubwa aliolewa naye akiwa tayari ana binti wa mume wa kwanza, na kwa Hamisi hakuzaa. Bi Mdogo ndiye aliyetuzaa sisi. Wanaokaa kwenye nyumba leo ni kizazi cha yule binti, na hoja yetu, iliyorudiwa kila matanga na kila Idi, ilikuwa fupi: hao si damu ya mzee, watoke.

Kama nanyi mna jambo la namna hii, usianze na ofisi. Anza na aliye mzee kuliko wote, tena haraka, na usimwulize nyumba ilikuwa ya nani. Ukimwuliza hivyo umemweka kizimbani, naye atajibu kufuatana na tumbo alilotoka. Mwulize nani alilala chumba kipi.

Mimi nilikwenda kwa shangazi yake baba, mtoto wa mwisho wa Hamisi na Bi Mdogo, ambaye sote humwita Bibi. Nilichora nyumba kwenye daftari, tukaanza mlangoni. Mbele kulia, Bi Mkubwa. Mbele kushoto, fundi na cherehani yake. Katikati, "sisi na mama". Nyuma, wapangaji wa reli, hao walibadilika kila mara. Nikamwuliza kodi ilikusanywa na nani.

"Bi Mkubwa, mjukuu wangu. Mwisho wa mwezi, baada ya Magharibi, anakaa barazani na kopo la majani chai. Anahesabu, anafunika. Halafu baba anajisogeza pembeni kumwomba ya sigara. Naye anamwambia, 'Ya juzi imekwisha?'"

Tulicheka mpaka akakohoa. Niliandika maneno yake, nikageuza ukurasa, nikaenda kutafuta ushahidi. Ilinichukua miaka miwili na nauli nyingi za matatu kurudi kwenye ukurasa ule.

Karatasi zilikuwa upande wa pili, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Binamu mmoja alinipigia picha kwa siri. Nyingi zilikuwa risiti zilizofifia, na tarehe kadhaa zimeliwa na mchwa au mikunjo. Lakini karatasi isiyo na tarehe huwa na mambo mengine ya kuitambulisha. Angalia fedha. Ikitaja rupia, ni ya kabla au karibu na 1920. Florini zilipita kwa muda mfupi sana baada ya hapo. Kufikia 1922 ni shilingi. Angalia nchi inaitwaje: mpaka 1920 nchi hii ilikuwa Protektoreti ya Afrika Mashariki, baadaye Koloni na Protektoreti ya Kenya. Kama kuna stempu, mtazame mfalme: George wa Tano alikufa 1936, na George wa Sita alidumu kuanzia mwisho wa mwaka huo mpaka 1952. Na kwa sisi wa Nairobi kuna kipimo kimoja kitamu zaidi, kwamba mji ulikuwa manispaa mpaka tarehe 30 Machi 1950, ulipopewa hati ya kuwa jiji.

Kipimo hicho ndicho kilichonipumbaza. Kati ya zile picha kulikuwa na makubaliano ya tarehe ya 1941, yakisema Hamisi amemwachia Bi Mkubwa nyumba yote. Chini kuna muhuri wa Baraza la Jiji. Jiji, mwaka 1941! Nilihisi nimeokota dhahabu. Kwenye kikao cha ukoo nilisimama na simu mkononi nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba karatasi ile ni feki. Mzee wa upande ule, ambaye kwa hesabu ya ukoo ni mjomba wangu, hakunijibu. Alichukua kofia yake, akaaga wazee wenzake, akaondoka. Tulikaa miezi saba bila salamu, na binamu aliyenipigia picha alijulikana, akafukuzwa chumba.

Baadaye nilielezwa kwamba karatasi ya kwanza ilichakaa, ikanakiliwa na karani miaka ya 1950, na nakala ndiyo ikapigwa muhuri. Inawezekana ni kweli, inawezekana si kweli. Muhuri hukueleza umepigwa lini, haukuelezi aliyeupeleka alikuwa na nia gani. Leo ningemfuata mjomba nyumbani kwake, peke yangu, na kumwuliza kwa adabu karatasi ilifikaje hapo.

Sasa Archives. Orofa ya chini ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, vinyago na nguo na silaha, na ni rahisi kupotelea hapo mchana mzima. Wewe unataka chumba cha kusomea. Utajiandikisha na kulipa ada, kisha utatafuta kwenye orodha za mafaili na kuandika nambari unazotaka uletewe. Uliza kabla ya kupiga picha. Na kila ukurasa unaonakili, andika nambari ya faili juu yake hapo hapo. Nimewahi kunakili kurasa nne nzuri kabisa, nikasahau nambari, na mpaka leo hazinisaidii kitu.

Makosa ninayoyaona kwa kila anayekwenda mara ya kwanza ni kutafuta jina. Jina la babu yako halimo kwenye orodha ya mafaili. Mle mna majina ya ofisi na shughuli. Jiulize serikali ya mkoloni ilimhitaji mtu kama yeye kwa jambo gani. Haikumwandika kwa sababu aliishi, alipenda au alizaa. Ilimwandika alipotakiwa kulipa, alipovunja amri, alipoajiriwa, au alipofia kazini mwao. Kwa hiyo tafuta mahali alipodaiwa. Kodi ya kibanda, kodi ya kichwa, faini, kodi ya kiwanja: huko ndiko wazee wetu waliko, wamepangwa mstari, kila mmoja na deni lake.

Ukikuta pengo, usiapie kwamba kuna mtu ameficha. Moto wa 1939 katika Sekretarieti ya serikali hapa Nairobi uliteketeza kumbukumbu nyingi. Na usiuze ng'ombe kwenda London. Ni kweli mafaili mengi yalisafirishwa Uingereza kabla ya uhuru na yakafichuliwa 2011 kwenye kesi ya wazee wa Mau Mau, lakini kwa nyumba ya Majengo hutegemei kupata lolote huko. Karibu zaidi kuna Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza 1899 na linalosomeka kwa sehemu kubwa kwenye intaneti. Mirathi iliyopita mahakamani ilitangazwa humo, na ya leo hutangazwa humo pia, ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Kuna watu wamepoteza shamba kwa kutosoma tangazo lile.

Andaa pia kila namna ya kuandika jina. Karani anaweza kuwa Mgoa, Mhindi, Mwingereza au Mwafrika wa misheni, na kila mmoja alisikia kwa sikio la kwao. Nimemtafuta Hamisi kama Khamis, Hamis, Amisi na hata Hamici.

Sikumpata. Nilichopata, siku ya nne, ni faili la mambo ya Pumwani la miaka ya 1930, na ndani yake karatasi mbili za taipu, nakala ya kaboni, wino wa zambarau umevuja pembeni. Ni orodha ya waliochelewa kulipa kodi ya kiwanja. Nambari ya kiwanja, jina, shilingi. Nilishuka na kidole mpaka nambari yetu, ambayo naijua kwa moyo kwa sababu imepakwa rangi mlangoni. Mbele yake palikuwa na jina la Bi Mkubwa, na jina la baba yake baada ya neno "binti". Anadaiwa shilingi 12.

Hapa inafaa nieleze jambo. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ardhi ilibaki ya manispaa. Mtu alipewa kibali cha kiwanja, akajenga kwa fedha zake, akalipia kiwanja kila mwaka. Nyumba ilikuwa yake, udongo si wake. Na waliojenga hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake wengi walikuwa na nyumba zao Pumwani, kama ilivyokuwa Pangani ya kale, hapa hapa Nairobi, kabla haijabomolewa. Sisi tulisema "nyumba ya mzee" kwa sababu alikuwemo mzee.

Nilikaa pale na ile orodha mpaka karani akaniuliza kama kuna tatizo. Kopo la majani chai lilinirudia.

Twende upesi kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi huharibu pesa za wakili. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mali ya aliyekufa kabla ya hapo hugawanywa kwa sheria au mila zilizomhusu siku aliyokufa, ingawa taratibu za kusimamia mirathi hufuata sheria ya sasa kadiri inavyowezekana. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi inasikiliza urithi chini ya kifungu cha 170 cha Katiba, mradi pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kusimama mbele yake. Usimpelekee kadhi hadithi ya ukoo wote kwa pamoja. Mpelekee maiti mmoja mmoja, kwa mpangilio: nani alikufa kwanza, alimwacha nani hai, kisha nani akafuata. Wenyewe huita munasakha, na kosa la mtu mmoja kwenye mpangilio hubadilisha mafungu yote yanayofuata.

Kwetu ilikuwa hivi. Kama nyumba ni ya Hamisi, Bi Mkubwa na Bi Mdogo wanagawana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa sababu mume ameacha watoto, na fungu kubwa linakwenda kwa watoto wake, yaani sisi. Kama nyumba ni ya Bi Mkubwa na akafa kabla ya mumewe, Hamisi anapata robo, kwa kuwa mke ameacha mtoto, hata kama mtoto ni wa mume mwingine. Robo hiyo ingetufikia. Lakini kama nyumba ni yake na mume akatangulia, Hamisi hakurithi chochote, nasi hatuna hata tofali.

Kwa hiyo nani alitangulia? Vyeti vya vifo hatukupata, na usishangae ukikosa cha wako. Kuandikisha vifo hakukuwa lazima nchi nzima mpaka 1971. Nilirudi kwa Bibi. Safari hii sikuuliza tarehe wala mwaka. Nilimwuliza baba yake alipokufa, nani alikaa eda, kile kipindi cha mjane kukaa ndani.

"Wote wawili," akasema. "Mama na Bi Mkubwa, chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani. Bi Mkubwa alinipa pesa kutoka kwenye lile kopo."

Nikamweleza basi tulichokuwa tukitafuta miaka yote hiyo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jua huchomoza. "Nyumba ya Bi Mkubwa? Nani hakujua? Mlikuwa mkiniuliza habari za baba."

Hatukwenda kwa kadhi. Ami zangu wawili bado wanasema orodha ya manispaa si hati, na kisheria wana hoja, maana orodha ya madeni haimpi mtu umiliki. Lakini risiti za kwenye sanduku, zile ambazo hatukuzisoma kwa sababu tulikuwa na hamu na karatasi ya 1941 tu, zina jina lile lile na nambari ile ile. Upande wa pili walikuwa wameshikilia karatasi yenye shaka kuthibitisha kitu ambacho risiti zao zingekithibitisha. Nilimpelekea mjomba nakala ya ule ukurasa, na sukari kilo mbili. Alisoma, akaomba miwani, akasoma tena. Binamu amerudishiwa chumba.

Siku hizi namtafuta Hamisi mwenyewe. Bibi anasema alikuja Nairobi na wapagazi wa vita vya 1914, wale walioliachia soko la Kariakor jina. Wapagazi waliandikishwa kwa nambari, na baada ya vita, 1919 na 1920, wanaume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 walianza kuvalishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi, chenye alama za vidole, jina la kwao na la mwajiri. Mahali fulani basi kuna mstari unaosema alitoka wapi kabla ya kuwa wa Majengo. Tulipokuwa tukigombea nyumba, tulikuwa tukienda Archives watu wanne, na ami alilipa chai. Alhamisi iliyopita niliwapigia simu wote. Nilimaliza mafaili mawili peke yangu, nikatoka saa kumi, na nje palikuwa pamejaa watu wakingojana.