Muulize Anko Rimoti: Polisi mla matunda kaishia wapi?

SWALI: Anko shikamoo. Mdogo wangu kaniletea flashi ina sizoni inaitwa Life, ile ya mpelelezi mwenye nywele nyekundu anayekula matunda muda wote, nimezimaliza zote mbili ndani ya wiki, nikaenda kwa jamaa anayetuuzia muvi kutafuta ya tatu akanicheka et haipo. Kweli haipo au kaona uvivu kutafuta? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jamaa kasema kweli, mwombe radhi. Life ilianza kwenye kituo cha TV cha NBC kule Marekani Septemba 2007 ikazimika Aprili 2009, epsodi 32 basi. Na usidhani ilikufa kwa ubovu, hii ilikuwa na mkosi tu. Haijamaliza hata miezi miwili hewani waandishi wa Hollywood wakagoma, kuanzia Novemba 2007 mpaka Februari 2008, siku 100 hakuna aliyeshika kalamu, ndo maana sizoni ya kwanza ina epsodi 11 tu (wengi wakiona hivyo wanadhani flashi imekatwa). Ya pili ikapata 21 lakini ikawa inahamishwa siku kama mpangaji asiyelipa kodi, leo umeizoea huku kesho ipo kule, watu wakapotezana nayo. Alafu NBC wakaja na wazo lao kwamba kuanzia Septemba 2009, saa nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, wampe mchekeshaji Jay Leno akae apige stori na wageni. Hapo yakaondoka masaa matano kila wiki yaliyokuwa ya tamthilia kama hizi, sasa Life ingekaa wapi? Kilichoniuma zaidi ni kwamba hicho kipindi cha Leno chenyewe hakikufika hata miezi sita, Februari 2010 kikafutwa.

SWALI: Anko, mimi na baba watoto tumegombana sebuleni. Yeye ni afande, anasema hiyo Life ni uongo mtupu, polisi aliyefungwa maisha hawezi kutoka akarudishiwa pingu na bastola kisha akapewa na mamilioni juu. Tuamulie. (Mama wawili, Dodoma)

JIBU: Shemeji hapo ana pointi lakini asishangilie mapema. Charlie Crews, huyo mla matunda wetu, alikuwa polisi wa Los Angeles, akabambikiwa kesi ya mauaji ya familia ya rafiki yake, akala miaka 12 Pelican Bay, gereza ambalo lipo kweli huko kaskazini mwa California na ni maarufu kwa kuwafungia watu peke yao. Vipimo vya DNA vikamsafisha. Hiyo sehemu sio hadithi, Marekani watu wanatolewa kwa DNA tangu 1989. Pesa nazo zipo ila zinatofautiana sana. Kipindi kile sheria ya California ilikuwa inamlipa aliyefungwa kimakosa dola 100 kwa kila siku aliyokaa ndani, kwahiyo miaka 12 ingempa kama dola 438,000, sio ndogo ila hainunui lile jumba analoishi. Mamilioni yanakuja ukiwashtaki waliokuonea, na ndicho alichofanya mwanasheria wake, tena kwenye makubaliano akaomba na kazi irudi. Hiyo ya kazi ndo chumvi ya mtunzi, shemeji mpe hapo.

Lakini mama, mi naona mnagombania pasipo utamu. Utamu upo kwenye vile jela ilivyomtengeneza huyu mtu. Wapelelezi wengi wa kwenye TV wamepewa vituko ili tuwakumbuke tu, huyu kila kituko chake kina sababu. Anabugia matunda sababu ndani hakuwa anayapata. Simu zenye kamera zinamshangaza maana aliingia hazijatoka. Jumba lote halina fanicha, mtu aliyezoea seli atafanya nini na makochi? Na zile kauli za Zen (mafundisho ya Kibudha ya kutuliza akili) anazowatupia watuhumiwa alijifunza ndani ili asirukwe na akili, sasa akiwa nje hasira zinamshinda, anasema tusing'ang'anie kitu wakati chumbani ana ukuta mzima wa picha za waliomsweka ndani. Anamhubiria mpelelezi mwenzie Dani Reese utulivu, na Reese mwenyewe anapambana kuacha kilevi, wote wawili hawajapona. Hata mhasibu wake, Ted, ni mfungwa mwenzie, anakaa juu ya gereji. Polisi wa hivyo sijamwona tena.

SWALI: Huyo stelingi wa Life ndo yule wa tamthilia ya Homeland au macho yangu? (Kijana wa Morogoro)

JIBU: Ndo yeye, Damian Lewis, Muingereza wa London kabisa ila akiongea Kimarekani huwezi kumshtukia. Homeland ilianza 2011 na mwaka uliofata akabeba Emmy, tuzo kubwa ya TV kule Marekani. Kwahiyo kukatika kwa Life kulimfungulia njia yeye, sisi mashabiki tukabaki tunalia.

SWALI: Anko nipe nyingine fupi fupi za polisi wa ajabu, sina muda wa sizoni kumi. (Dereva wa bodaboda, Mbeya)

JIBU: Chukua Raines ya 2007, epsodi 7 tu, Jeff Goldblum ni mpelelezi anayeongea na marehemu wa kesi anayoshughulikia, sio mizimu, ni kichwa chake tu na anajua. Nyingine ni Awake ya 2012, epsodi 13. Jamaa kapata ajali, akilala anaamka kwenye maisha ambayo mkewe yupo hai mtoto kafa, akilala tena mtoto yupo mke kafa, na kote huko ana kesi za kupeleleza, anavaa kamba ya mkononi rangi tofauti ajue leo yupo wapi. Zote mbili NBC hao hao, zote walizikata. Ukienda kuzichukua nenda na flashi yako, ya kuazima utarudi nayo na virusi.