Geji inayocheza kwenye kigari cha mbio

Sheikh, umesema geji ya mafuta ya kigari chako cha fremu ya bomba hushuka hadi sifuri ukikata kona, halafu hurudi nusu. Geji si mbovu. Tangi lako ni dogo na pana, mafuta yanakimbilia upande mmoja na boya la ndani, linaloendesha geji, linayafuata. Ukinunua nyengine itacheza vile vile.

Mimi ningeiwacha kabisa. Liweke gari pahala palipo sawa, toa mafuta yote tangini, kisha tia lita moja moja huku ukitumbukiza kijiti cha mbao na kukichora alama. Baada ya hapo jaza hadi alama ya juu, endesha dakika 10 kwa kasi yako ya kweli, jaza tena kwa kipimo hadi alama ile ile. Ulichoongeza ndicho injini inachokula kwa dakika 10. Hesabu ya safari ya kawaida ya barabarani, kama ya Bububu, haifai hapa. Injini ikikamuliwa hunywa zaidi sana.

Kama tangi linafunguka, litundike kwenye mizani ya kuning'iniza. Lita moja ya petroli ni kama kilo 0.75. Usisahau kutoa uzito wa tangi tupu.

Na mpira wa kuonea kiwango cha mafuta pembeni mwa tangi? Sawa, ila uwe wa petroli (wa maji hukakamaa na kugeuka manjano) na uwe na koki chini, ifungwe gari likiondoka.

Na kwenye kona ndefu pampu huvuta hewa ilhali mafuta bado yamo. Kiwango ambacho injini huanza kukata moto konani ndicho sifuri yako, hata kijiti kikisema vyengine.