Chipu za LED zinazoungua kwenye taa ya dagaa: angalia njia ya joto kabla ya kununua chipu nyingine

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa: jamaa ametengeneza taa ya kuelea ya kuvulia dagaa. Ameweka chipu 2 za LED za wati 10 kila moja, amezibandika kwa silikoni ya vioo kwenye kipande cha alumini cha sentimita 10 kwa 10, akafungia kila kitu ndani ya dumu jeupe la lita 5 lisiloingiza maji. Umeme unatoka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Taa inawaka vizuri mwanzoni, halafu inafifia, mwanga unaanza kuwa wa bluu, na baada ya siku chache baadhi ya vidoti vinazima kabisa. Ameshauriwa kwamba chipu ni feki, anunue za wati 20.

Usinunue kwanza. Chipu ya wati 20 ukiiweka humo itakufa haraka kuliko hizo.

Mimi natengeneza na kukarabati taa hizi hapa Mwanza, na nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimekufa kifo hicho hicho. Chipu mbovu zipo madukani, sikatai. Lakini hata chipu nzuri haiwezi kupona mahali ulipoiweka.

Tulizoea karabai. Karabai ni moto, joto lake linapanda na hewa, na yenyewe imeundwa iishi na moto. Balbu ya zamani ya waya nayo hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga, ndiyo maana ukiweka mkono mbele yake unalihisi. LED ukiweka mkono mbele hutahisi kitu, na hapo ndipo watu wanaamini kwamba LED haina joto. Inalo, ila linatokea nyuma. Chipu ya kawaida ya wati 10 inakupa kama wati 3 za mwanga, na wati 7 zinazobaki ni joto tupu linalokaa kwenye kitako chake cha milimita 20 kwa 20. Joto hilo halina mlango mwingine. Lazima lipite kwenye kitako, lipite kwenye kile ulichobandikia, liingie kwenye bamba, ndipo litoke nje. Kila hatua inaongeza digrii zake juu ya iliyopita, na ukijumlisha unapata joto la chipu.

Tufanye hesabu ya taa yako. Ni ya kukadiria, lakini inaonyesha ugonjwa uko wapi.

Anza na bamba. Hewa iliyotulia ni mbebaji hafifu wa joto. Kipimo ninachotumia mimi ni sentimita za mraba 60 za alumini kwa kila wati ya joto, na hapo bamba litapanda kama digrii 20 juu ya hewa inayolizunguka. Chipu zako 2 zina wati 14 za joto, kwa hiyo ulihitaji karibu sentimita za mraba 840. Bamba lako, pande zote mbili, lina 200. Ni chini ya robo, kwa hiyo litapanda zaidi ya digrii 80 juu ya hewa ya ndani ya dumu. Na hewa hiyo imefungiwa, haibadiliki. Hata usiku wenye ubaridi haitakosa digrii 35 baada ya muda.

Sasa silikoni ya vioo. Inashika vizuri na haiingizi maji, lakini kwa joto ni kizuizi. Uwezo wake wa kupitisha joto ni kama 0.2 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii, wakati alumini ya madirisha ni karibu 200. Tabaka la nusu milimita tu chini ya kitako cha 20 kwa 20 linaongeza digrii zaidi ya 6 kwa kila wati. Zidisha kwa wati 7: digrii 44. Ukipaka milimita nzima, ambayo ndiyo ninayoikuta mara nyingi nikibandua, ni 87. Pesti nyeupe ya kupitisha joto, ile ya bei ndogo kabisa wanayotumia mafundi wa kompyuta, ikipakwa nyembamba ya sehemu moja ya kumi ya milimita inaongeza chini ya digrii 2. Hapo mkuu ndipo pa kuanzia kabla ya jambo lingine lolote.

Jumlisha: 35 ya hewa, 80 na zaidi ya bamba, 44 ya silikoni. Tuko karibu digrii 160, na njia ya ndani ya chipu yenyewe bado. Ukomo wa LED nyingi ni kati ya digrii 120 na 150 kwa ndani, na ukitaka idumu iweke chini ya 90. Hata kama hesabu yangu imezidisha kwa robo, bado uko kwenye eneo la kuungua.

Kuhusu bluu: LED nyeupe kiini chake kinatoa mwanga wa bluu, na ule unga wa njano unaouona juu ndio unaoubadilisha kuwa mweupe. Unga huo na silikoni laini iliyoushika vikipikwa, haviwezi tena kubadilisha mwanga wote, na bluu inapita ilivyo. Vidoti navyo viangalie tena. Nina hakika vimezima 3 kwa pamoja. Chipu za wati 10 za aina hii huwa na vidoti 9, safu 3 zenye vidoti 3 kila moja, na kidoti kimoja kikikatika safu nzima inakwenda nacho. Chipu iliyopoteza safu usiirudishe kazini, hasa ukishafunga draiva (kifaa kinachodhibiti mkondo unaoingia kwenye LED), kwa sababu mkondo wote utabebwa na safu 2 zilizobaki.

Hapo pia kuna hilo la kuunga moja kwa moja kwenye betri. LED ikipata joto, volti inazohitaji zinashuka. Betri haijui hilo, inaendelea kusukuma volti zake 12 na nusu, kwa hiyo mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, volti zinashuka tena, mkondo unaongezeka tena. Tafuta draiva ya kushusha volti yenye skrubu ya kurekebisha mkondo na uiweke kwenye miliampia 600 kwa kila chipu, usiende kwenye 1000 zilizoandikwa. Mwanga utapungua kama theluthi moja tu, lakini joto litapungua karibu nusu, na betri itakufikisha asubuhi. Faida nyingine ni kwamba kwa mkondo huo chipu inahitaji volti 9 na kidogo, kwa hiyo draiva inabaki na nafasi ya kufanya kazi hata betri ikishashuka.

Mkuu aliyependekeza feni ndogo ya kompyuta alikuwa na nia njema, na kwa taa ya nyumbani au ya banda la kuku ningekubaliana naye. Ndani ya dumu lililozibwa feni itazungusha hewa ile ile ya moto, na unyevu wa ziwani utaimaliza. Aliyesema dawa ya meno badala ya pesti: inafanya kazi ikiwa mbichi, ikishakauka inapasuka na hewa inaingia katikati.

Jibu lako liko chini ya dumu lenyewe. Maji ya Ziwa Victoria yako kwenye digrii 25 hivi mwaka mzima, na maji yanachukua joto kuliko hewa kwa mbali sana. Kile kile kipande chako cha 10 kwa 10, upande mmoja tu ukigusa maji, kitatoa wati zako 14 huku kikipanda digrii zisizofika 10. Kwenye hewa ya dumu kilipanda zaidi ya 80! Ukiwa ziwani kutafuta hitisinki (bamba la kupoza) kubwa ya mapezi ni kupoteza hela.

Ninavyofanya mimi: nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, omba kipande cha bomba la mraba, upana sentimita 5, unene milimita 2, urefu kama sentimita 30. Mabaki huwa wanayauza kwa kilo. Bomba linasimama wima katikati ya boya, nusu ya chini ikiwa ndani ya maji, nusu ya juu ikiwa ndani ya chombo cha plastiki angavu kilichogeuzwa. Hapo kwenye shingo ya chombo, bomba linapopita, ndipo silikoni yako ya vioo ifanye kazi, kuziba maji. Chipu zifunge kwenye pande mbili zinazotazamana za bomba, karibu na maji kadiri utakavyoweza. Ukiziweka sentimita 10 juu ya usawa wa maji, joto likishuka kwenye chuma litaongeza digrii 18 hivi kwa wati 14, na kwa mkondo wa 600 kama 10. Ukizipandisha sentimita 20, zidisha mara mbili. Bomba la unene wa milimita 1 nalo linazidisha mara mbili, ndiyo maana nasisitiza 2.

Ufungaji wa chipu ndio unaotenganisha taa ya miaka na taa ya wiki. Uso wa bomba unaonekana bapa lakini weka ukingo wa rula juu yake, tazama dhidi ya mwanga, mara nyingi utaona uwazi katikati. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo, sugua bomba mpaka mikwaruzo ienee sawasawa, kisha 800, ufute kwa spiriti. Toboa matundu, ondoa ncha zote za chuma kwenye midomo ya matundu, maana ncha moja tu itainua chipu. Weka pesti kidogo katikati, kandamiza huku ukizungusha kidogo, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Ukiona pesti imechungulia pande zote kama uzi mwembamba, imetosha. Kabla ya kuwasha weka mita ya umeme kuhakikisha waya za chipu hazijagusana na bomba.

Kwa walioko baharini, maji ya chumvi yanakula alumini hasa pale skrubu za chuma kingine zinapoigusa, kwa hiyo tumia bomba lililopakwa rangi kiwandani na skrubu zote zibaki juu ya maji.

Kuna hatari moja ya taa hii ambayo ni lazima uizuie. Ikiinuliwa ikawekwa mtumbwini ikiwa inawaka, maji hayapo tena na bomba linabaki na hewa tu. Funga swichi ndogo ya joto ya digrii 70, ile inayokata umeme ikipata moto na kurudi ikipoa. Ibane kwenye bomba kando ya chipu kwa pesti, waya wa kwenda kwenye draiva upite humo.

Kupima, usitegemee kile kipima joto cha kuelekeza kama bastola kwenye alumini inayong'aa. Kitakudanganya kwa kusoma chini. Bandika kwanza utepe mweusi wa umeme, pima juu ya utepe. Au tumia chipu yenyewe: weka bomba kwenye ndoo ya maji, washa, pima volti za chipu dakika ya kwanza, kisha pima tena kila baada ya dakika 10. Draiva ikiwa imeshikilia mkondo, volti zitashuka kidogo halafu zitatulia. Zikiendelea kushuka baada ya nusu saa, joto bado linajikusanya mahali, na mara nyingi ni chini ya chipu, siyo kwenye bomba. Fungua uangalie pesti ilivyoenea. Maji ya ndoo yabadilishe yakianza kuwa vuguvugu.

Ukishafunga, weka hapa volti za mwanzo na za baada ya nusu saa, na picha ya bomba kabla hujaziba, tuangalie pamoja kabla hujaingia nayo ziwani.