Helios ya baba mkubwa kwenye Sony: mbona picha hazitoki kali?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nipo Tanga, napiga picha za watu, bethdei, na zingine za kujifurahisha tu. Baba mkubwa alisoma Urusi miaka ya 80 akarudi na kamera ya Zenit, kamera yenyewe imekufa shata ila lenzi bado nzima, imeandikwa Helios-44-2, 58mm. Nikanunua adapta nikaifunga kwenye Sony a6000 yangu. Mwanzo ilikataa kabisa kupiga, nimehangaika wiki nzima kumbe ni setingi. Sasa inapiga lakini kwenye picha 10 zinatoka kali 2, na ile mistari myekundu ya fokasi nilikuwa naiona imekaa machoni kabisa! Zingine zinatoka zimepauka kama kuna moshi. Nikizungusha mpaka mwisho kwenye alama ya umbali wa mbali kabisa, meli baharini hazitoki vizuri. Halafu ile boke ya kuzunguka (ule ukungu wa nyuma ya mtu unaojizungusha) ninayoiona kwa wenzangu mi siipati. Lenzi mbovu au mi ndo mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza lenzi yako inaelekea ni nzima, na we mwenyewe si mbovu, anayekudanganya hapo ni ile mistari myekundu.

Ngoja kwanza niweke hapa ile setingi iliyokula wiki yako maana kuna wengine wataisoma hii wakiwa wanalia kama ulivyolia. Lenzi ya zamani haina waya wowote wa kuongea na kamera, kwahiyo Sony inaona kama umetoa lenzi kabisa, inagoma. Ingia kwenye menyu tafuta "Release w/o Lens" weka Enable, basi. Fuji na Canon nao wana setingi ya namna hiyo hiyo, jina tu linabadilika kidogo.

Sasa mistari. Ile kitu kamera haipimi umbali hata kidogo, inachofanya ni kutafuta sehemu yenye mpaka mkali wa mwanga na giza kisha inaipaka rangi. Kope, ukingo wa kitambaa cha kichwani, kola ya shati, vyote vina mpaka mkali kwahiyo vyote vinapakwa, hata vikiwa vimetoka kidogo kwenye fokasi. Na hiyo "kidogo" kwenye lenzi yako ni kubwa mno. Chukua mtu aliyekaa mita moja na nusu kutoka kwako, umefungua f/2 (apecha, yaani tundu la mwanga la lenzi, wazi kabisa), kwenye sensa ya a6000 eneo linalotoka kali kweli ni kama sentimita 5 tu, mbele na nyuma ukijumlisha. Yaani kutoka ncha ya pua mpaka sikioni ni mbali kuliko hapo! Yeye akipumua, we ukiyumba kidogo wakati unabonyeza, macho yameshatoka. Mistari ilikuwa imekaa machoni sawa, lakini ilikuwa imekaa na puani na masikioni pia, we ukaangalia macho tu ukaridhika.

Ninavyofanya mimi: pikingi (ndo hiyo mistari ya rangi) naishusha mpaka Low, sio High, na rangi naweka njano maana nyekundu kwenye ngozi zetu na kwenye nguo za sherehe inapotea. Inakuwa ni ya kunifikisha jirani tu. Kisha kitufe cha C1 nakipa kazi ya kukuza, kwenye a6000 inakuza karibu mara 6 halafu ukibonyeza tena karibu mara 12, mi naishia hiyo ya kwanza maana ya pili ukiwa umeshika mkononi jicho la mtu linarukaruka kama samaki. Peleka kiboksi kwenye jicho lililo karibu na wewe, zungusha mpaka kope zianze kuonekana mojamoja. Hapo ringi usiiguse tena. Pinda kiuno mbele na nyuma taratibu kama mtu anayesikiliza taarabu, mwili wako ndo unamalizia fokasi, na unapoona kope zimekaa unapiga tatu kwa mfululizo. Mojawapo itakuwepo. Kwenye skrini ya nyuma juani hutaona kitu, tumia kidirisha cha kuchungulia, na ukishalibana jicho lako pale kamera nayo inatulia.

Ujanja mwingine ambao nilichelewa sana kuujua, piga RAW (faili ghafi la kamera) halafu mtindo wa picha weka nyeusi na nyeupe. Unachokiona kwenye kidirisha kinakuwa hakina rangi, njano ya pikingi inajitokeza peke yake, jicho halichanganyikiwi na madira, na faili ya RAW inabaki na rangi zake zote ukifika kwenye kompyuta.

Halafu hebu kagua kasi ya shata yako. Nahisi kati ya hizo 8 mbovu zipo ambazo fokasi ilikuwa sawa ila mkono umetikisika. Kamera haijui imefungwa 58mm, na a6000 haina kitulizi ndani ya mwili, kwahiyo ukiwa kwenye A (kamera inajichagulia kasi) na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ya auto inaweza kukupa 1/60 kwa roho safi kabisa. Kasi isiwe chini ya urefu wa lenzi, na sensa yako ndogo inauzidisha mara 1.5: 58 mara 1.5 ni 87, 1/60 haitoshi. Weka M (unachagua mwenyewe), shata 1/250 kwa watu, ISO acha auto, mwanga unaurekebisha kwa ringi ya lenzi. (Mwenye kamera yenye kitulizi ndani anatakiwa aiandikie mwenyewe urefu wa lenzi, na aandike 58 kamili au iliyo karibu nayo, asiandike 87.)

Kuhusu ringi, hujauliza ila najua itakusumbua maana ziko mbili. Ya mbele kabisa inabofya kwenye namba, hiyo ni ya kuweka kikomo. Inayofuata inateleza bila mlio, ndo inayofungua na kufunga kweli, na itakwama pale kwenye kikomo ulichoweka. Enzi zile mtu alikuwa anafungua f/2 ili aone vizuri, akishafokasi anafunga bila kuangalia namba, anapiga. Sasa hivi kidirisha cha Sony kinajiongezea mwanga chenyewe kwahiyo huna haja, fokasi kwenye apecha ile ile utakayopigia. Mi kikomo huwa naweka 2.8 nikipiga sura, kwa sababu kwenye f/2 hii lenzi ina ukungu fulani laini, wengine wanaupenda, ila kwenye 2.8 katikati panakaza sana na nyuma bado panafifia vizuri.

Huo ukungu ndo unatupeleka kwenye moshi wako. Vioo vya Helios za miaka hiyo dawa yake ya kuzuia mng'ao ni hafifu ukilinganisha na lenzi za sasa, jua likigonga kioo cha mbele kwa upande tu linatawanyika ndani na weusi wote unakuwa kijivu. Tafuta hudi ya mpira (kofia ya kuikinga lenzi na jua) ya nyuzi za kuzungushia za milimita 49, ni kitu rahisi sana, na kama huna weka kiganja juu ya lenzi kama unavyojikinga jua la saa saba. Kagua na adapta, za bei ya chini ndani huwa zinang'aa, bandika kitambaa cheusi cha mahameli au karatasi nyeusi isiyong'aa, utashangaa.

Lakini kabla ya yote hayo fanya kipimo cha tochi. Usiku, zima taa, fungua lenzi mpaka f/2, mulika kwa nyuma na uchungulie mbele kwa pembe. Vumbi halina neno. Nyuzi kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni fangasi, na kwa joto la Tanga na ule unyevu wa bahari lenzi iliyokaa kabatini miaka thelathini nisingeshangaa kuikuta. Ikiwa kidogo pembeni piga tu, kwenye picha haionekani. Ikiwa imetanda mpe fundi wa kamera aifungue aisafishe, kusafishwa inasafishika ila ikishakula ile dawa ya juu ya kioo alama inabaki. Ukikuta utando mweupe sawasawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi, huo ni mvuke wa grisi ya zamani, nao unasafishwa. Usifungue mwenyewe kwa bisibisi ya simu tafadhali, nyuzi za kuzungushia fokasi ukizirudisha mahali sipo lenzi haitafika mbali tena. Ikishasafishwa ikae kwenye boksi la plastiki linalofunga kabisa na vipakti vya silika. Watu wanaweka mchele, acha, mchele una unga.

Tukija kwenye meli zako. Lenzi za nyuzi za M42, kama hiyo yako, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, Sony E (mlango wa lenzi wa kamera yako) ni 18, kwahiyo adapta inatakiwa iwe na unene wa 27.46. Viwandani wanaogopa kukosea kwa kuzidisha, kwa sababu ikizidi hata kidogo lenzi haifiki mbali milele, hivyo nyingi wanazipunguza makusudi. Matokeo yake ukizungusha mpaka ukutani umeshapita mbali kabisa, umeenda "zaidi ya mbali", kitu ambacho hakipo. Kuza kwenye meli, rudisha ringi nywele moja, ikikaza basi huna tatizo lolote, wala usiiamini ile alama tena. Ikiwa hata ukutani bado haijakaza hapo adapta ni nene, nunua nyingine. Na namba za lenzi zikiwa zimelalia ubavuni badala ya kutazama juu, adapta nyingi zina viskrubu vidogo vitatu kwenye ringi ya ndani, legeza, zungusha, kaza.

(Wenye DSLR za Nikon msinunue adapta ya hivi, zenyewe umbali wao ni 46.5, tayari umezidi, mbali hamfiki bila kuongeza kioo cha katikati kinachoharibu picha.)

Boke ya kuzunguka huipati kwa sababu inakaa pembeni na sensa yako ndogo inaikata hiyo pembeni. Ule mzunguko unatokea pale duara za mwanga zinapokatwa na mwili wa lenzi kadri zinavyokwenda pembezoni, zinakuwa kama ndimu, zote zimelala kuzunguka katikati. Wenzako unaowaona wengi wao wanatumia fulu fremu (sensa kubwa kama filamu ya zamani). Kuna adapta zenye kioo cha kukusanya picha, za 0.71 (zinaibana picha mpaka 0.71 ya ukubwa wake), zinakurudishia karibu upana wote, ila ya bei rahisi inaharibu kona. Kwa ulichonacho cheza na umbali, mtu mita moja na nusu hadi mbili, nyuma yake mita tano hivi kuwe na mti wa majani madogo na mwanga unaotoboa. Mwarobaini saa kumi na moja jioni, hakuna kitu kinaushinda. Migomba haifai, majani makubwa hayakupi matundu.

Kwenye kazi za watu lakini, hasa sendofu, usijaribu. Mi niliwahi kujifanya mjuaji nikamsubiri bi harusi mtarajiwa na lenzi ya namna hii, kaingia anacheza huku mashangazi wamemzunguka, nikatoka na picha kali sana ya mkoba wa shangazi. Kama ni lazima, funga f/8, weka fokasi mita 5 na usiiguse, kuanzia kama mita 4 mpaka 6 na nusu vyote vinatoka, we kazi yako kupiga tu. Hiyo ni ya mchana lakini, ukumbini usiku f/8 mwanga utautoa wapi bila flashi.

Adapta uliyonayo pia inakufungulia lenzi nyingine nyingi, nyuzi za M42 zilianza na Contax S ya Dresden mwaka 1949 na Praktica na Pentax nao wakazitumia, kwahiyo ukikutana na Super-Takumar ya 55mm f/1.8 kwa mtu asiyejua alichonacho, usiulize maswali mengi.

Nyingine, angalia namba ya lenzi pale mbele, za Kirusi mara nyingi tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka iliyotengenezwa. Kama inaanzia 75 na baba mkubwa alienda miaka ya 80, basi mzee alinunua mtumba.